Barua ya wazi: Bata wa betri kwenye mlango wa Sabaki

Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori nchini, KWS,
kwa Waziri wa Utalii na Wanyamapori,
na kwa Gavana wa Kaunti ya Kilifi pamoja na idara yake ya mazingira.

Waheshimiwa,

Natembeza wageni wanaopenda ndege kwenye mlango wa Mto Sabaki, hapo kaskazini ya mji wa Malindi ukishavuka daraja. Kazi hii imenisomeshea watoto. Leo nawaandikia kuhusu bata wa plastiki. Najua mezani kwenu kuna mafaili mazito kuliko hili, ya ndovu waliovunja nyua za watu na ya wavuvi waliokosa pa kuegesha. Lakini bata huyu nimemchomeka matopeni kwa mkono wangu mwenyewe, na yaliyofuata ndiyo yaliyonikalisha chini kuandika.

Kaskazi iliyopita, Mtaliano mmoja mzee, mgeni wangu wa miaka mingi, alinipigia simu nimfuate kwake Casuarina. Kwao yeye ni mwindaji tangu ujana. Huku kwetu hawindi ila kwa kamera, na kwa hilo namtolea ushahidi. Alikuwa na kitu ndani ya begi refu. Akakitoa: bata wa plastiki, kimo cha bata wa kufugwa, ana mguu mmoja wa chuma wa kuchomekea kwenye tope na mabawa mawili ya bati jepesi. Bawa upande mmoja limepakwa rangi ya giza, upande wa pili jeupe pe. Tumboni mna mota na betri. Ukibonyeza rimoti, mabawa yanazunguka kama pangaboi.

Nilicheka. Ukiwa karibu naye ni kichekesho hasa, bata asiyepiga mabawa bali anayazungusha mzunguko mzima, jambo ambalo hakuna kiumbe chenye mfupa wa bega kinaloliweza. Mzee akaniambia nisogee mbali kisha nigeuke nitazame. Nikaenda hadi kwenye vichaka vya mikoko, kama hatua mia mbili, nikageuka. Mabawa sikuyaona tena. Nilichokiona ni mmemetuko: nyeupe, giza, nyeupe, giza. Na macho yangu, yaliyozoea ndege miaka yote hii, yakaniambia pale pana bata anatua.

Hapo ndipo penye siri yake. Bata anaposhuka majini hujizuia kwa kupiga mabawa haraka haraka, na tumbo la bawa lililo jeupe huwaka na kuzimika. Mwenzake aliye juu akiuona mwako huo kutoka mbali hamtazami bata mmoja mmoja. Anaelewa kwamba wenzake wanashuka, na kama wanashuka basi pana chakula na hapana adui. Kundi la bata huishi kwa kuaminiana namna hiyo. Kifaa hiki kimechukua ile ishara ya kuaminiana kikaitia mota.

Asubuhi ile lilipita kundi la wale bata mwitu wapigao mbinja. Kwa kawaida wakituona hukata kona pana kuelekea Mambrui, tunabaki na mbinja zao tu hewani. Mara hii waligeuka. Wakazunguka mara moja, wakazunguka tena, wakashuka mbele yetu kama hatua ishirini, miguu imening'inia. Mzee alipiga picha ambazo sijawahi kuziona kwa mgeni yeyote. Nami nilifurahi, sitaki kuwadanganya. Nilianza hata kupiga hesabu ya kiasi gani nitaongeza kwenye ada yangu.

Siku ya pili tulirudia. Walishuka, wakakuta hakuna mwenzao, wakaruka, mzee akazima, akangoja, akawasha tena, wakarudi. Siku ya tatu wachache ndio waliogeuka. Siku ya nne hawakuja kabisa, ila alikuja furukombe. Alishuka kutoka upande wa bahari akampiga bata wetu kwa makucha yote mawili, bawa moja likakatika, naye akaenda kutua juu ya mkoko akawa anakunja mguu na kuukunjua kwa muda mrefu. Mzee alinyamaza. Mimi nilitamani hakuna aliyekuwa akitutazama.

Lakini walikuwapo waliotutazama. Vijana wawili na pikipiki yao walikuwa wamesimama ukingoni tangu siku ya kwanza.

"Mjomba, huyu bata auzwa pesa ngapi?"

Nikawauliza wamtakia nini.

"Kule Gamba, Tana, mpunga ukikomaa bata ni kama nzige. Tukipata huyu hatuhitaji kuwafuata. Watatufuata wao."

Nikasema kitu hicho ni ghali, chatoka ng'ambo. Yule mwingine akainama, akakitazama kwa jicho la fundi. "Ghali wapi? Mota ya feni, betri ya boda, mabawa ya debe. Mwili nachonga kwa ndara za kuokota ufuoni. Jumamosi nakuletea wako." Na alisema kweli. Pwani hii yenye mafundi wa kuchonga ndovu na kasa kutoka kwa ndara kuukuu itashindwaje na bata?

Tangu siku hiyo nimefuatilia habari za kifaa hiki, nami nawaeleza niliyoyapata, mazuri na mabaya yake, kwa sababu sitaki mkipige marufuku kwa hofu tu.

Kilianza kuenea Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990, kwanza California. Wawindaji wa kule wanakisifu kwa mambo ambayo si ya upuuzi. Bata wa mbao au wa plastiki asiyesogea anahitaji upepo wa kumtikisa majini. Asubuhi isiyo na upepo anakaa kama jiwe, na bata wa kweli wanamjua. Huyu wa mota haombi upepo. Mwindaji mzee hana haja ya kubeba magunia ya bata bandia, mmoja mwenye kumemetuka anatosha kuongeza uhai kwenye kundi dogo. Tena wanasema, bata akija karibu risasi inampata vizuri, hapigwi kwa mbali akaenda kufia vichakani na jeraha. Hoja hii ya mwisho naiheshimu. Mnyama aliyejeruhiwa na kupotea ni hasara kwa kila upande, ukiwemo wake mwenyewe.

Upande wa pili kuna vipimo. Huko Minnesota watafiti walikwenda na wawindaji, wakawasha mabawa kwa muda fulani na kuyazima kwa muda fulani, mahali pale pale. Matokeo yalichapishwa 2005. Mabawa yakizunguka, makundi ya bata wa kichwa cha kijani, wale waitwao mallard, yalikaribia zaidi kwa karibu mara 3. Na bata waliouawa kwa saa, kwa kila mwindaji, walikuwa mara 4.7 ya waliouawa mabawa yakiwa yamezimwa. Rudieni kuisoma hiyo namba. Bunduki ni ile ile na mwindaji ni yule yule. Kilichoongezeka ni bati mbili za kuzunguka.

Kwa nini basi bata hawajaisha Marekani? Kwa sababu kule namba hiyo inagonga ukuta. Mwindaji ana leseni, ana msimu wenye tarehe ya kuanza na kuisha, ana idadi asiyoruhusiwa kuizidi kwa siku. Na serikali inawahesabu bata kwenye mazalio yao kwa ndege za angani kila masika tangu 1955, ila ile miaka ya korona. Kifaa kinamfanya mtu afikishe idadi yake saa mbili asubuhi badala ya saa sita mchana, kisha arudi nyumbani. Hata hivyo hawakukiacha hivi hivi. California hairuhusu bata wa mota tangu msimu unapofunguliwa hadi Novemba 30, wakati bata wengi bado ni wachanga wa mwaka huo na hawajajua dunia. Jimbo la Washington limekataza bata wa umeme moja kwa moja. Na serikali yao kuu ilishakataza tangu 1935 kutumia bata hai kama chambo, maana waliona mapema kwamba ndege anayemwita ndege mwenzake anamaliza ziwa.

Sisi ukuta huo hatuna. Sisemi hatuna sheria. Uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku 1977, ingawa wa ndege kwa leseni uliachwa ukaendelea kwa miaka mingi baadaye. Na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ikakataza uwindaji wa starehe, ikakataza na wa kitoweo. Lakini kwa kuwa kisheria hakuna anayewinda, hakuna idadi ya kutozidi, hakuna msimu, hakuna anayeandika ni bata wangapi wametolewa mashambani Tana mwaka huu. Anayewinda usiku hana kikomo chochote ila uwezo wake wa kuwafikia. Mkizidisha uwezo huo mara 4.7, mnazidisha kitu ambacho hakuna anayekipima.

Na hao bata si wa Gamba peke yao. Delta ya Tana ni ardhioevu ya Ramsar, yaani imo kwenye orodha ya kimataifa ya ardhioevu muhimu, tangu 2012, hekta 163,600, na ndege wanaokula kule ndio hao hao wanaoshuka kwetu Sabaki na kwenye mabwawa ya chumvi ya Gongoni. Kaskazi ikianza kuvuma huja na bata wadogo waliozaliwa Urusi na Ulaya, wamechoka, hawaijui nchi, wanatafuta dalili yoyote ya mwenzao aliyetua salama. Hawa ndio watakaokuwa wa kwanza kuufuata mmemetuko. Mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo, na huu unaonekana kutoka mbali sana.

Hatuwezi pia kujifanya malaika. Mimi mwenyewe utotoni nilipika ulimbo wa mfenesi, nikaupaka vijitini, nikatundika katikati tundu lenye ndege wa kuita wenzake. Tulikula tulichokipata na kingine tulikiuza kwa waliotaka ndege wa kufuga. Lakini ulimbo ule hadi jua la saa tano umeshika vumbi, haunasi tena. Ndege wa tunduni akichoka ananyamaza. Nami nilikuwa naitwa chuoni. Mambo hayo madogo madogo ndiyo yaliyowaokoa ndege wa mtaa wetu, wala si huruma yangu. Betri inachajiwa kwa sola juu ya paa, inarudi kesho.

Na msidhani Kenya haijaona chambo cha ndege kikitumika vibaya. Kule Bunyala, kwenye mashamba ya mpunga ya Busia, wawindaji wamekuwa wakifunga korongo hai mguuni, wanamsimamisha shambani awaite wenzake, na pembeni wanatawanya konokono waliotiwa Furadan, dawa ya kuulia wadudu. Ndege wanashuka wakimwamini aliyefungwa, wanakula, wanakufa, nyama inapelekwa sokoni. Watu wanaila. Sasa mtoeni yule korongo mwenye kuhitaji kulishwa na kufichwa, muwekeni bata wa plastiki asiyekula wala kufa. Nani atabaki na kazi ngumu?

Niliripoti. Nilikwenda ofisi moja, sitaitaja, nikiwa na bata wangu mwenye bawa moja ndani ya gunia. Kijana niliyemkuta alinisikiliza kwa adabu, akamgeuza bata juu chini, akapiga naye picha ya simu. Kisha akaniambia hajui kifungu kinachomhusu bata wa plastiki. "Mzee, ukimkamata mtu na waya wa tanzi, nitamfungulia mashtaka. Huyu si atasema ni mdoli wa mtoto?" Sikumlaumu. Askari wa doria akikuta tanzi ndani ya mfuko anajua ameona nini. Akikuta bata wa mota, mwenye nacho atasema anapiga picha, na kwa kweli nami ndivyo nilivyokuwa nikifanya.

Hapo ndipo penye pengo, waheshimiwa, na haliko mbali kuzibwa, kwa sababu ahadi mlishaitoa. Kenya ni mwanachama wa AEWA, ule mkataba wa ndege wa maji wanaohama kati ya Afrika, Ulaya na Asia, uliofikiwa The Hague 1995. Sisi tuliingia 2001. Mpango wake wa utekelezaji una orodha ya njia za kunasa ndege ambazo nchi zinatakiwa kuzikataza. Mna sumu. Mna ndege hai waliopofushwa au kulemazwa ili wawe chambo. Mna virekodi vya sauti na vifaa vingine vya umeme, mna taa, vioo na vitu vya kutia kiwi. Hata ulimbo wetu umo. Bata anayemetuka kwa betri, kwangu mimi, anasimama kati ya "vifaa vya umeme" na "vioo", na hakuna sababu ya kumsubiri wakili aje abishane mahakamani kama yumo au hayumo. Mwandikeni kwa jina.

Yule Mtaliano alipoona nimelichukulia jambo hili kwa uzito alinichekesha kidogo. Kwao, alisema, kuna kifaa cha zamani sana cha kunasia ndege wadogo wa mashambani: kipande cha mti kilichobandikwa vioo, kinazungushwa juani, ndege wanashuka kutazama. Kimezeeka hata kimekuwa msemo wa kila siku wa kumwambia mtu kwamba amevutwa kwa mng'ao wa bure. Na sheria yao ya 1992 imekataza miito ya ndege ya kielektroniki. "Sisi tumekuwa na karne nyingi za kuzoea," akasema, "na bado tunagombana. Nyinyi mtaanza leo?"

Ninachoomba ni hiki. Kanuni zitamke kwamba kitu chochote kilichotengenezwa kuiga ndege kwa mwendo, kwa mwanga au kwa sauti, ni chombo cha kuwindia, na kukutwa nacho kwenye ardhioevu bila kibali ni kosa, ndege awe amenaswa au la. Msiseme "cha betri" tu. Kule Marekani wapo wanaozungusha mabawa kwa upepo, na kwetu upepo haununuliwi. Kusi na kaskazi zitafanya kazi ya mota bure. Hukumuni kinachozunguka, msimtafute anayekizungusha.

Kibali kiwepo, kwa sababu faida zake kwa wengine ni za kweli. Watafiti wanaotaka kuwavika bata pete miguuni wangeweza kuwavuta karibu bila kuwakimbiza kwa mashua. Na wakulima wa mpunga, ambao ndio wenye kilio cha haki katika habari hii yote, wapewe nafasi ya kujaribu kinyume chake: bata wa mota awekwe kwenye bwawa lisilo na mpunga, mbali na shamba, awavute ndege huko, maofisa wenu wakiwepo na daftari mkononi. Labda bata watazoea baada ya siku nne kama walivyotuzoea sisi. Jaribio la msimu mmoja litaonyesha, na mkulima aliyeshirikishwa hatakuwa na haraka ya kwenda dukani kununua sumu.

Wapiga picha na sisi tunaowaongoza tusiachwe nje. Hili linaniuma kulisema, kwa kuwa ni unga wangu. Lakini mlango wa Sabaki si hifadhi ya taifa. Hifadhi ya bahari ya Malindi iko tangu 1968, ila ni kule upande wa matumbawe. Huku kwenye tope na heroe na sululu hakuna mlinzi isipokuwa wanakijiji na waelekezi. Kila mara bata anaposhushwa kwa uongo anapoteza nguvu za kuruka upya na dakika za kula, na anafundishwa kutoamini ishara ya mwenzake. Na wakati mnaandika, ongezeni neno juu ya spika za simu. Sisi waelekezi tumekuwa tukiwapigia ndege sauti za ndege kule msitu wa Arabuko-Sokoke hadi kiumbe kinazunguka mti mmoja nusu saa kikitafuta mpinzani asiyekuwepo. Wenzangu watanikasirikia kwa sentensi hiyo. Wanajua ni kweli.

Msingoje mpaka mjadala mwingine uanze. Suala la kuruhusu wanyamapori watumike kwa nyama na biashara linarudi kila baada ya miaka. 2018 wizara yenyewe iliunda jopo la kulitazama. Siku likirudi, na ndege wa kupigwa kwa leseni wakirudi nalo, kanuni ya bata wa mota iwe tayari ipo, isije ikaandikwa na wauzaji wa vifaa.

Yule kijana fundi hakuniletea bata Jumamosi ile. Nilimkuta baadaye stendi ya Malindi akaniambia bado anatafuta mota isiyopiga kelele, hii ya feni inawashtua. Nilimwomba aache. Akaniuliza kama imekatazwa, nikakosa jibu.

Wangu yuko nyumbani ndani ya gunia, bawa moja zima na moja limevunjika, mota bado inafanya kazi. Yule mzee aliniachia. Mkitaka kumwona akizunguka kabla hamjaandika chochote, mtume mtu asubuhi, maji yakiwa yametoka. Nitamngojea kwenye daraja.

Wenu katika kazi,
Mwelekezi wa ndege, Sabaki, Malindi